Kompyuta Iliyoandika Kiarabu Tu

Mimi na mume wangu, Mzee Hamdan, tunaishi Gando na mjukuu wetu Mardhiya. Asubuhi sisi tunakwenda shamba kupalilia muhogo. Mardhiya anasoma chuo cha ualimu.

Mwaka huu mwanetu Hudhaifa, aliyeko Maskati, alimletea Mardhiya laptopu aliyokuwa akiitumia yeye. Tulishukuru sana, maana kazi yake ya mwisho lazima ichapwe kwa kompyuta na itumwe chuoni siku ya Ijumaa. Asiyetuma anarudia mwaka.

Lakini kila Mardhiya akibonyeza, kinachotoka ni Kiarabu. Vitufe vina herufi mbili mbili, za Kiarabu na za kizungu, ila za kizungu hazitoki. Babu yake akamcheka: "Kompyuta hii imesoma Kurani kuliko wewe. Wewe juzuu ya tatu ilikushinda."

Fundi mmoja mjini alisema dawa yake ni kung'oa kibodi yote, yaani vile vitufe vya kuandikia, atie nyengine. Mzee akakataa. Kwetu hata karatasi yenye herufi za Kurani haitupwi jaani, seuze kibodi nzima. Mardhiya akalia. Siku hiyo ni Alkhamisi, nami sikujua nimshike nani.

Nikamwita jirani yetu Ummi, anayefundisha kompyuta skuli. Akaja, akatuamkia, nikamweleza yote. Akasema, "Mzee, hapang'olewi kitu hapa. Kitufe hakijui herufi iliyochorwa juu yake. Kompyuta inafuata lugha iliyochaguliwa ndani, na humu kimechaguliwa Kiarabu peke yake."

"Basi chagua nyengine, mwanangu."

"Mahali napajua. Ila maneno yote ya kwenye kioo ni Kiarabu, nami Kiarabu changu ni cha sala tu. Itabidi unisomee."

Mzee, ambaye Kiarabu anakijua tangu ujana, akavaa miwani, akasogea. Ummi akafungua mipangilio ya kompyuta, na Mzee akamsomea kila mstari kwa sauti na kumfasiria, kama anadarsisha. Walipofika penye wakati na lugha, Ummi akasema ndipo hapo. Wakafungua pa kuongeza lugha. Mzee akateremka nazo moja moja. Mara akaweka kidole juu ya mstari mmoja.

Nikamuuliza kuna nini.

"As-sawahiliyya, Kiswahili," akasema. "Bi Asya, na sisi tumo."

Ummi akachagua Kiswahili. Kisha akamwonyesha Mardhiya: ukishika kitufe chenye picha ya dirisha, ukabonyeza na kile kirefu cha chini, lugha inabadilika. Ukifanya tena, Kiarabu kinarudi. Pembeni mwa kioo pana alama ya kukwambia uko lugha gani, uitazame kabla hujaanza kuandika. Akamtaka arudie mwenyewe mpaka mkono ukazoea. Tena akatuambia sote, kompyuta ikiandika usichokitaka, tazama lugha kwanza, ndipo umtafute fundi.

Mardhiya akakaa kuandika. Ijumaa, kabla ya adhana, kazi ilikwenda. Chuo kikajibu kwamba imefika. Mzee aliposikia, alisujudu pale pale ukumbini.

Nami nilimpelekea Ummi muhogo wa nazi na samaki changu wa kukaanga. Akaona haya, akasema mbona kazi yenyewe ilikuwa ndogo.

Nikamwambia, "Kwako wewe ndogo, mwanangu. Sisi umetuokolea mwaka wa mtoto. Mungu akulipe."