Sauti ya Abdillah Redioni

Mvua ya kwanza baada ya kiangazi kirefu iliyapiga mabati ya soko la Tarime. Watu walikimbilia vibarazani, ila Kauthar alibaki katikati ya njia, macho ameyafumba, kinasa sauti mkononi. Gauni lake la kijani lilikuwa limelowa chapachapa, na hijabu yake ya rangi ya maziwa ikichuruzika maji. Ndipo gari la matangazo lilipoingia likivuma: "Magodoro! Magodoro bei ya kutupa!"

"Kaka, zima!"

Dereva akachungulia. Shati jeupe, ndevu zimechongwa vizuri. "Nizime kazi yangu, dada?"

"Narekodi mvua."

"Unamrekodia nani asiyeijua mvua?" Alicheka, lakini akazima.

Kauthar alikuwa anasoma chuo kikuu Dar es Salaam, akijifunza kueleza habari za mazingira na tabianchi kwa maigizo, nyimbo na hadithi za redio. Alikuwa amerudi kwao Nyamisangura, hapo hapo Tarime, kuandaa kazi yake ya mwisho. Dereva, jina lake Abdillah, akavaa hedifoni za Kauthar, akasikiliza.

"Kumbe inaimba hivi," alisema taratibu.

Tangu hapo gari lile likawa linampeleka kijijini Nyansurura, Abdillah akiwaita wafugaji kwa spika waje kusimulia ukame. Kauthar aliporudi chuoni, simu zikaanza.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula sauti yako."

"Hiyo haishibishi."

"Basi niongezee."

Likizo iliyofuata walirudi Nyansurura. Jioni moja, ng'ombe wakirejea na vumbi limegeuka dhahabu, Abdillah alisimulia jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu: ukame ulivyomaliza mifugo ya baba yake, na baba akavuka mpaka wa Sirari kuingia Kenya kutafuta kazi, asirudi tena. Sauti ilimkatika. Kinasa sauti kilikuwa kinawaka mapajani mwa Kauthar. Hakukizima.

Chuoni aliipachika sauti ile katikati ya hadithi yake. Jina hakulitaja. Mwalimu wake alifuta machozi, kituo kimoja cha redio kikaomba kuirusha. Kila alipompigia Abdillah alitaka kumwambia, na kila mara alijisemea, kesho.

Abdillah aliisikia akiwa kwa kinyozi, nusu ya kichwa imenyolewa. Tarime nzima iliijua sauti ile ya matangazo. Vinyozi wakatazama sakafu.

"Ulikuwa unanipenda," aliuliza kwenye simu, "au ulikuwa unanirekodi?" Akakata. Hakupokea tena.

Kauthar aliiomba redio iache kuirusha hadithi, akaiondoa chuoni pia, ingawa ilimaanisha kurudia mwaka. Kisha akapanda basi la Tarime, moja kwa moja hadi kwa mama yake Abdillah.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Hakumpa kiti. "Wewe ndiye uliyemwanika mwanangu?"

"Ni mimi, mama. Nimekuja kuomba radhi. Nimeiondoa kila mahali."

Mama alikunja kanga yake polepole. "Miaka yote hii sikujua kuwa anamlilia baba yake. Nilistahili kuambiwa na yeye, si na redio." Akaelekeza kidevu uani. "Nenda. Akikufukuza, usije kulia kwangu."

Abdillah alikuwa anaosha gari. Alimtupia jicho mara moja, akaendelea kusugua.

"Umekonda," alisema.

"Nimekosa, Abdillah. Sijawahi kunasa sauti nzuri kama ile, nikaitamani kama mwizi."

"Ungeniomba, ningekupa."

"Najua. Hilo ndilo linaloniuma."

Maji yalitiririka kati ya miguu yao, yakibeba vipande vya anga. Abdillah akaweka kitambaa chini, akamgeukia.

"Nasikia umeiondoa hadithi, na unarudia mwaka kwa ajili yangu."

"Narudia."

"Rudia ukiwa mchumba wangu. Wazee wangu waje kwenu lini?"

"Unaniposa hivi hivi, na povu mikononi?"

"Nikinawa nitaogopa."

Kauthar akaishika mikono ile, povu na yote. Machozi yalimtoka, naye alikuwa anacheka.

"Ijumaa," alisema. "Baba huwa nyumbani baada ya swala."