Kasiva Aandika Barua ya Asali

Kila Jumatano baada ya masomo, wanachama wa chama cha nyuki walibeba maji kutoka tangi la shule hadi kilimani ilikokuwa mizinga yao. Waliyamimina ndani ya makarai yenye kokoto, ili nyuki watue juu ya mawe wanywe bila kuzama. Kijiji chao cha Matinyani kilikuwa kimekauka, na nyuki akikosa maji huyafuata hata jikoni kwa watu. Mwenyekiti wa chama alikuwa Kasiva wa Gredi ya Nane, na hakuna aliyewapenda wadudu hao kama yeye.

Muhula huo, hata hivyo, walifanya kazi kwa wasiwasi. Wazazi kadhaa walilalamika kwamba nyuki wangewauma watoto wadogo, naye mwalimu mkuu akakata shauri: asali ikikosa mnunuzi kabla ya shule kufungwa, mizinga itaondolewa. Mwalimu Mutunga, mlezi wa chama, akawashauri wauandikie ushirika wa wafugaji nyuki mjini Kitui. Waeleze kwa ufupi wana asali gani, imetunzwaje, na wanaomba nini. Kasiva alikuwa na mwandiko mzuri, basi kazi ikamwangukia yeye.

Kasiva alitaka kuandika barua ambayo msomaji hangeisahau. Alianza kama watu wanaotoa ushuhuda kanisani. Alimsifu Bwana, akamshukuru kwa kumlinda tangu utotoni, akawasalimu wote kwa jina la Yesu. Kisha akaazima simu ya dada yake, akachukua sentensi za watu mtandaoni, akazipanga kama zake. Wataalamu, aliandika, wamethibitisha kwamba asali ya Matinyani huponya pumu, kisukari na vidonda vya tumbo. Mwishoni akasema kwamba ushirika ukikataa, utakuwa umewaua viumbe wasio na hatia.

Mwau, mweka hazina wa chama, aliisoma akatabasamu.

"Hapa umebakisha kupitisha sadaka tu," alisema.

Wenzake wakacheka. Kasiva akamjibu kwamba anaona wivu kwa sababu mwandiko wake ni kama nyayo za kuku. Mwalimu Mutunga alikuwa ameenda semina Makueni, na Kasiva hakutaka kumngoja. Aliifunga bahasha, barua ikaenda.

Jumatatu iliyofuata Bi Waringa, katibu wa ushirika, alifika shuleni. Kasiva alidhani amekuja na ndoo za kubebea asali. Kumbe hapana. Mama huyo alimwita kando, mbali na masikio ya wenzake, akatoa barua mkobani na kumuuliza kwa upole wataalamu hao ni akina nani.

"Nilisoma kwa simu," Kasiva alisema.

"Nani aliandika?"

"Sijui."

Bi Waringa akamweleza kwamba mgonjwa wa kisukari anaweza kuamini maneno hayo, akaacha dawa zake na kutegemea chupa ya asali. Ushirika haungeweza kupokea asali iliyosifiwa kwa maneno yasiyo na mwenyewe.

"Ijumaa nitapita tena huku. Ukiwa na barua nyingine nitaisoma," alisema. "Hii chukua. Sijamwonyesha mtu."

Kasiva alitembea kwenda nyumbani akiwa na kichwa kizito. Alimkuta Mjomba Kivuva uani akipaka nta ndani ya mzinga wa gogo ili kuvuta nyuki wapya. Yeye ndiye aliyekuwa akiwarinia asali pale shuleni. Kasiva alimsimulia yote, kisha akamwomba akubali kuandikwa kuwa ndiye mtaalamu.

Mjomba alicheka mpaka akaweka nta chini. "Mimi nimemtibu nani kisukari?"

Kisha akaugeuza mzinga, akamwonyesha mistari iliyochongwa kwa kisu ubavuni. Ilikuwa alama ya ukoo wa jirani yao Mutisya, aliyempa mzinga huo autunze. Kila asali ilipotoka humo, Mjomba alimwambia mnunuzi ni ya nani.

"Na ukiifuta hiyo alama?" Kasiva aliuliza.

"Asali itabaki tamu vilevile. Mimi ndiye nitakayeharibika. Sasa niulize ninachokijua."

Kasiva akamuuliza, akaandika. Siku ya Alhamisi alimpelekea Mwalimu Mutunga barua mpya. Humo alisema kwamba kwa maelezo ya Bwana Kivuva, mrina asali wa Matinyani, masega yaliyovunwa ni yale tu ambayo nyuki walikuwa wameyafunika kwa nta, dalili kwamba asali imeiva. Alisema kwamba nyuki waliwekewa maji kama kinavyoelekeza kitabu cha Kilimo, akataja na ukurasa. Habari ya kuponya magonjwa aliiacha. Mwalimu alifuta ushuhuda uliobaki mwanzoni. Kumshukuru Mungu ni vizuri, alimwambia, ila msomaji huyu anatafuta habari za asali, na ana barua nyingine nyingi mezani.

Ijumaa Bi Waringa aliisoma barua akiwa amesimama, akarudia tena. Akaitazama asali kwenye mwanga, akapima kwa kifaa chake kidogo kiasi cha maji kilichomo. Mwalimu mkuu alikuwa kando akingoja. Kasiva aliutazama mdomo wa mama huyo bila kupepesa macho.

"Tutaichukua," alisema Bi Waringa.

Mwalimu mkuu akatangaza kwamba mizinga itabaki, mradi izungushiwe ua wa miiba ili watoto wadogo wasikaribie. Wanafunzi walikumbatiana. Bi Waringa akamshika Kasiva begani.

"Asali yenu ilikuwa nzuri hata wiki iliyopita, mwanangu. Barua ndiyo iliyonitia shaka. Neno ulilopewa na mtu, mtaje aliyekupa. Usilolijua, liache. Na unapoandikia watu juu ya kazi, waandikie kwa heshima, usiwabembeleze wala kuwatisha. Watakuamini, na ukiaminiwa mara moja utasikilizwa mara nyingi."

Kasiva aliitikia kwa kichwa. Tangu Jumatatu alikuwa akiacha chakula sahanini. Mchana ule alimaliza sahani yake ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, akarudi kwa mpishi kuomba nyingine.