Sarafu Tatu za Emrys

Haya yalimpata rafiki yangu Emrys wa Wales, ambaye hujaribu vifaa vya kiinimacho na kuandika katika jarida la chama cha wanakiinimacho kama vinawafaa wanagenzi.

Jioni moja ya Desemba, giza limeshatanda dirishani, alikaa jikoni na mkewe Morwenna kujaribu kijaluba cha shaba kilicholetwa na posta. Wanakiinimacho wana mwiko wao: mchezo haurudiwi mbele ya macho yaleyale. Karatasi ya maelezo nayo ilikataza hivyo, mara mbili.

Emrys alitia sarafu, akafunika, akafunua. Tupu. Haikulia hata kidogo, na mlio ndio huwaumbua wanagenzi.

"Ebo! Imekwenda wapi?" Morwenna aliuliza.

"Hata mimi sijui."

"Usinifanye mtoto, bwana. Rudia, safari hii nakukamata."

Alirudia kwa sarafu nyingine, nayo ikapotea. Morwenna alipekua kijaluba, mikono ya shati la mumewe, hadi chini ya meza. Hakuna kitu.

"Mara ya mwisho," Morwenna alisema.

Ya tatu ilipopotea, walisikia mlio mdogo, kama sarafu imeangukia nyingine.

"Kumbe kina kelele!" Emrys alisema, akaandika: *Hakifai.*

Morwenna alicheka, akainuka kuzima birika, peku, ndani ya gauni lisilo na mfuko. Alipiga hatua moja, sarafu zikalia. Ya pili, zikalia.

"Mbona unanikodolea macho?" aliuliza.

Emrys aliweka kalamu chini. Mkewe alisimama tuli, akavuta pumzi, na sarafu zikalia tena ndani ya kifua chake.