Ubao Chini ya Kitanda cha Bibi

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Rhoda aliwasha jiko uani, akachemsha maji ya kuoga ya bibi yake, akampikia uji wa ulezi, kisha akafagia chumba walicholala wote wawili. Alikuwa darasa la sita, na kazi hizo hakuziona mzigo hata kidogo. Bibi Bertilla alikuwa ameletwa mjini Mazwi kutoka kijiji cha Kate mwaka uliopita, miguu ilipoanza kumsumbua. Alijua kusimulia, alijua kutania, na Rhoda alimpenda kupita kiasi.

Tatizo lilikuwa sakafu. Nyumba yao ilikuwa ya zamani, imejengwa kwenye mteremko, na vyumba vilitandikwa mbao ngumu juu ya boriti, chini kukiwa na uwazi. Sasa mbao zilikuwa zimeachana, na mara mbili fimbo ya Bibi ilikuwa imenasa kwenye nyufa. Mama yake Rhoda, Coleta, aliyeuza maharage sokoni, aliamua kuweka marumaru juu ya mbao zile zile, kwa kuwa kuzing'oa zote na kujaza kifusi kungemshinda.

Jumamosi moja ya mwezi wa Julai Fundi Mayunga alifika na vifaa vyake.

"Shikamoo, Fundi," Rhoda alimwamkia.

"Marahaba, binti. Hujambo?"

"Sijambo."

Fundi akasogeza kitanda, akaanza kugonga mbao kwa mpini wa nyundo huku akisikiliza. Palipolegea alikaza skrubu.

"Mama Rhoda," akasema, "marumaru haipindi. Mbao za chini zikicheza hata kidogo, itapasuka. Kuna mahali panapobonyea, au palipooza?"

"Mimi nashinda sokoni. Muulize Rhoda, ndiye anayefagia."

"Hakuna, Fundi," Rhoda akajibu upesi.

Palikuwapo. Siku kumi nyuma Bibi alikuwa akitetemeka kwa baridi usingizini, na Rhoda akamwonea huruma. Akaingiza jiko chumbani, jambo ambalo Mama alilikataza mara nyingi, maana hewa ya mkaa katika chumba kilichofungwa huua watu wakiwa wamelala. Alipokuwa akilisogeza karibu na kitanda, makaa mawili yakaanguka kwenye ufa. Aliyamwagia maji akadhani yamezimika, lakini yalifukuta chini usiku kucha, na asubuhi ubao ulikuwa umetoboka tundu la ukubwa wa kiganja.

Akahangaika, akafikiri, na wazo likamjia: ugali wa ulezi! Rangi yake na ya sakafu ilikuwa moja. Akaziba chini kwa kitambaa, akajaza kiporo cha ugali, akasawazisha kwa kisu, akapaka dawa ya kung'arisha sakafu, kisha akasogeza kitanda kidogo kikapafunika. Kwa kweli kazi ilipendeza. Ungekuwa mtihani wa kuficha, angepata mia kwa mia.

Hakuogopa kuchapwa. Aliogopa maneno ambayo Mama aliwahi kuyasema kwa hasira: "Siku nikisikia jiko limeingia humo ndani, Bibi atarudi Kate kwa mjomba wako. Siwezi kushinda sokoni roho iko mkononi."

Basi Fundi akagonga ubao wa jirani, akapita. Akaleta mabamba ya plaiwudi ya kutandika juu ya mbao kabla ya kubandika marumaru. Bibi, aliyekaa kwenye kiti mlangoni, akauliza, "Fundi, siku hizi kitanda changu kimesogea. Kitarudi mahali pake pa zamani?"

"Pale pale, Bibi."

"Vizuri. Nikiamka huwa nashusha mguu wa kulia kwanza. Ndio wenye nguvu kidogo."

Rhoda akatazama mahali ambapo mguu huo ungeshukia. Palikuwa pale penye ugali. Akamwona Bibi akizama, akasikia kilio chake, ingawa Bibi alikuwa amekaa salama akitabasamu.

"Fundi, subiri!" akasema. "Nimekudanganya. Hapa pana tundu. Niliingiza jiko Bibi aliposhikwa na baridi, makaa yakaanguka, nikaziba."

Fundi akachoma mahali hapo kwa bisibisi. Ikazama yote. Akainusa.

"Huu si ugali?"

"Ndiyo, Fundi. Wa ulezi."

Fundi aling'ata midomo asicheke. Lakini alipong'oa ubao, uso wake ulibadilika. Boriti ya chini nayo ilikuwa imeliwa na moto karibu nusu. "Mama Rhoda, njoo uone. Tungeweka uzito wa marumaru hapa, halafu Bibi akanyage? Tungekuwa tumemtegea mtego."

Rhoda akaangua kilio. "Mama, nichape, lakini usimrudishe Bibi kule Kate!"

Mama alikaa chini juu ya mbao, akamvuta binti yake kifuani.

"Kumbe ndilo ulilolibeba siku zote hizi?" akasema. "Bibi haendi popote, mwanangu. Nilikosea kukutisha kwa jambo hilo. Lakini na wewe umekosea. Baridi ikizidi, mwongezee Bibi blanketi. Jiko libaki uani. Na ukiharibu kitu, niambie siku hiyo hiyo, hata kama nitakasirika. Hasira yangu itapita. Bibi akivunjika mguu, je?"

"Nimeelewa, Mama. Nisamehe. Na wewe, Fundi, nisamehe."

"Yamekwisha," Fundi akasema. "Haya, nishikie tochi."

Akaifunga boriti kwa mbao mpya pande zote mbili, akaweka ubao mwingine, kisha akatandika plaiwudi. Kazi iliyosemwa ya siku mbili ikachukua tatu, na gundi ikaachwa ikauke vizuri.

Ijumaa Bibi aliingia chumbani. Marumaru zilikuwa za rangi ya maziwa, zimenyooka. Mama alisita, akataka kumshika mkono.

"Niache, Coleta," Bibi akasema. Akakaa kitandani, akashusha mguu wa kulia, kisha wa kushoto, akasimama bila wasiwasi. "Uzuri wa juu ameuleta fundi," akasema, akimgeukia Rhoda. "Usalama wa chini umeuleta wewe, mjukuu wangu, uliposema kweli."