Diski Iliyofukizwa Udi

Ilikuwa Jumatano, saa tatu asubuhi. Mvua ilikuwa imekatika na jua lilikuwa kali Kilwa Kivinje. Bi Maimuna alifungua sanduku lake ili aanike nguo. Chini ya kanga alitoa diski, ambayo wengi huiita sidii. Alimpa Sada, mtoto wa marehemu mdogo wake.

Mama yake Sada, Tawakali, alikuwa muuguzi wa zahanati. Alifariki Sada akiwa mchanga. Picha za nyumbani ziliungua pamoja na paa la makuti. Ilibaki moja tu, katika jalada lake la kazi. Ofisi ya wilaya ilipohamishia majalada ya zamani kwenye diski, familia iliomba nakala. Tangu utotoni Sada aliambiwa kwamba ana paji la uso la mama yake. Kila alipolala alilishika. Sasa mtoto wake naye alikuwa akiuliza bibi alifananaje.

Walikwenda steshenari kwa Issa. Kompyuta yake mpya haikuwa na mahali pa kuingizia diski. Alitoa ya zamani chini ya meza, kisha akainusa diski.

“Mama mkubwa, hii inanukia kuliko bibi harusi.”

Bi Maimuna alieleza kwa fahari kwamba aliifukiza udi kila Ramadhani ili isioze. Mashine ilikoroma. Ukurasa wenye picha ulifunguka hadi ukingo wa ushungi, kisha ukakwama. Sada alisubiri. Mashine iliitema diski.

“Nimemzika mara ya pili,” alisema Bi Maimuna.

Jioni walimwendea jirani yao Benadetha, mtunza kumbukumbu wa wilaya. Aliwaamkia, akaitazama diski. Moshi na joto vilikuwa vimeiharibu. Alisema diski hushikwa pembeni, huwekwa ndani ya kasha lake, mahali pakavu pasipo joto. Hata hivyo, hilo peke yake halitoshi.

“Mama, nguo unazianika kwa nini?”

“Nisipozianika zitaota ukungu, nami sitajua.”

“Diski nayo ni hivyo. Ifungue kila mwaka uone kama inasomeka. Weka nakala nyingine mahali pengine. Mashine zikibadilika, ihamishie kwenye chombo kipya kabla za zamani hazijaisha.”

“Na aliyechelewa?” aliuliza Sada.

Benadetha alijibu kwamba ofisi ilikuwa na nakala mbili katika miji miwili, na ilikwisha kuzihamishia kwenye vyombo vipya. Alimtaka Sada alete kitambulisho na cheti cha kuzaliwa.

Kesho yake, ofisini Kilwa Masoko, ukurasa ulifunguka wote. Kwenye picha, msichana mwenye chunusi shavuni aliwatazama. Sada alilishika paji lake la uso.

“Ni mdogo kuliko mimi,” alisema. “Miaka yote nimekuwa nikimtafuta mtu mzima.”

Benadetha aliwapa nakala kwenye flashi, akatuma nyingine kwa barua pepe. Issa alibandika tangazo dukani: anahamisha diski za zamani. Bi Maimuna alimsomea marehemu mdogo wake sura ya Fatiha. Sada alipeleka nakala ya tatu kwa ndugu zao Mtanda, Lindi. Kisha alimwonyesha mtoto wake picha. Mtoto alisema shikamoo. Sada aliitikia marahaba kwa niaba ya mama yake.