Alama za Meno kwenye Kidhibiti Kipya

Saa mbili na robo asubuhi, Jumanne, Mama Stoo alifungua stoo ya vifaa vya kuzamia akakuta kidhibiti kipya kimeharibiwa. Kidhibiti ni kile kifaa kinachofungwa juu ya mtungi wa hewa ili mzamiaji apumue kupitia mpira anaoung'ata mdomoni. Ndani yake mna kiwambo chembamba kama utando wa maziwa, na kiwambo hicho kilikuwa kimepasuliwa kwa kisu bila haya.

Alikaa kitini kwanza. Miezi miwili alikuwa akikichagua. Alisoma vijitabu, alipiga simu, alibishana na watu mpaka wakamchoka. Vile vya zamani, ambavyo wazamiaji sita wa kampuni walivitumia kukagua nguzo za gati, vilikuwa vizito kuvuta kina kikizidi. Hiki kilitoa hewa laini chini kama juu, tena kilikuja na saa ya mkononi iliyorekodi hewa anayotumia mvaaji. Saa nne asubuhi hiyo hiyo kingejaribiwa mbele ya Mkuu wa kampuni, kisha vingine vitano viagizwe.

Kilikuwa kinaning'inia kwenye ndoano, mpira umeelekea chini, kifuniko cha vumbi kimebanwa sawasawa. Sakafu chini yake ilikuwa na unyevunyevu. Alichovya kidole akaonja: maji ya bomba, hayana chumvi. Yote hayo aliyaona, lakini hasira zilikuwa zimeshampanda, akili ikakaa pembeni.

Saa tatu kamili watu wote walikuwa karakana. Fundi wa vifaa, mume wa mdogo wake Mama Stoo, alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa.

"Shemeji, ufunguo wa akiba wa stoo unakaa wapi?" Mama Stoo aliuliza.

"Si hapo kwenye msumari? Kila mtu anajua."

"Msumari uko juu ya meza ya nani?"

Fundi aliacha kufuta mikono. "Yangu."

"Na wiki jana kwenye kikao nani alisema hicho kidude hakitaingia majini yeye akiwa hai?"

"Ule ulikuwa utani, shemeji. Hata wewe ulicheka."

"Vipya vikija, matengenezo yatafanywa na muuzaji. Wewe utabaki na kazi gani?"

Hapo hakuna aliyecheka. Mkuu aliiwasha ile saa ya mkononi, akasoma kwa sauti: jana, saa kumi na moja na dakika ishirini jioni, dakika kumi na nane, kina cha mita tano, nusu ya mtungi imekwisha.

"Nusu ya mtungi kwa mita tano?" alisema mzamiaji mmoja. "Huyo alikuwa anahema kama anakimbizwa. Mapafu hapa asingemaliza hata robo."

Mapafu, mzamiaji mkongwe kuliko wote, alitabasamu kidogo akatazama viatu vyake. Jina hilo alipewa kwa kutumia hewa kidogo. Kwenye ubao wa ukutani, ambapo kila mzamiaji huandika mwenyewe hewa aliyobakiza, namba zake ndizo zilizokuwa kubwa siku zote. Macho ya watu yalihamia kwenye kitambi cha Fundi, ambaye huingia majini mara mbili kwa mwaka, tena kwa kulazimishwa.

"Jana saa hiyo nilikuwa nyumbani," Fundi alisema. "Muulize mdogo wako."

"Mdogo wangu ni mkeo. Atasema nini?"

Neno hilo lilimtoka mbele ya watu saba. Mkuu akasema saa kumi jioni ataandika barua ya kumwachisha Fundi kazi, na mwenye la kusema aseme kabla.

Saa nane mchana Mama Stoo alikaa kukifunga kidhibiti kwenye boksi kirudi kwa muuzaji. Hasira zilikuwa zimepoa, na alipokishika akaanza kujiuliza maswali ambayo angejiuliza asubuhi. Mtu aliyekuja kuharibu, kwa nini akioshe kwa maji ya bomba? Kwa nini abane kifuniko, akakitundika kikauke? Fundi hatundiki kitu maisha yake yote. Kila kitu hukitupa mezani, na kwa hilo wamegombana miaka kumi na moja. Anayeosha na kutundika bila kufikiri ni mzamiaji. Akitoka majini mikono inafanya yenyewe, hata kama imetoka kufanya uovu.

Akaugeuza mpira wa mdomoni. Upande wa kushoto meno yalikuwa yamezama hadi karibu kutoboa, upande wa kulia hapakuwa na alama. Mipira hiyo hubadilisha yeye. Yupo mmoja tu anayeng'ata hivyo, kwa sababu magego ya kulia hana. Zamani mpira wake ulidumu nusu mwaka. Siku hizi anaomba mpya kila mwezi.

Saa tisa na dakika arobaini alimkuta Mapafu peke yake kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Akamwonyesha mpira kiganjani.

"Kaka, mbona umeniacha nimchafue shemeji yangu?"

Mapafu aliutazama, akakaa kwenye benchi polepole.

"Nilidhani kitanisaidia," alisema. "Ulivyokisifia, hewa laini, nikasema labda tatizo ni vifaa. Nikakijaribu. Kifua kikabana vile vile. Nikitoka juu, saa imeandika kila kitu, na kufuta siwezi."

"Na ubaoni?"

"Ubaoni nadanganya. Mwaka wa pili huu. Nikishuka naogopa, nang'ata, nahema. Leo mngenivalisha mimi kwanza, si ndiyo? Mapafu aonyeshe wenzake. Ndiyo nikakipasua kiwambo, jaribio lisifanyike."

"Mwenzako akikwama chini ya nguzo, hewa ya kumtoa ungeipata wapi?"

Alijifunika uso kwa taulo. "Usiniulize hilo. Najiuliza kila siku."

"Zimebaki dakika kumi na tano Mkuu aandike barua."

Mapafu alikwenda mwenyewe. Alisimama mbele ya wenzake, akafuta namba zake zote ubaoni kwa kiganja, akaeleza tangu mwanzo. Barua ya Fundi haikuandikwa. Mama Stoo alisikiliza akiwa mlangoni, na Fundi alipogeuka kumtafuta kwa macho, alikuwa ameshaondoka. Aibu ilimsukuma kama mkono mgongoni.

Saa kumi na mbili jioni aligonga kwa mdogo wake. Mdogo wake alimfungulia bila salamu. Fundi alikuwa jikoni anaosha vikombe.

"Shemeji, nisamehe. Nilikukosea sana, wewe na mke wako. Sina la kujitetea."

Fundi alikifuta kikombe, akakiweka chini.

"Kunishtaki ulinishtaki mbele ya watu saba," alisema taratibu. "Samahani mbona unaniletea jikoni?"

Mama Stoo alitazama sakafu. Mdogo wake alisimama pale pale mlangoni, naye akasubiri jibu.