Mikono Iliyokataa Kugusa

Pale kwenye kiwanda cha mikate, mgongo ukimuuma mtu dawa ilikuwa moja. Alilala kifudifudi kando ya tanuri, mwenzake akamsukuma mgongo kwa mti wa kusukumia unga. Mwokaji mkuu alikuwa amebeba magunia ya unga miaka kumi na saba. Wiki moja mgongo ulimkamata, na mkewe, aliyefanya kazi naye, alimsukuma asubuhi na jioni kwa nguvu zake zote. Maumivu yakateremka miguuni.

"Baba watoto, hili limetushinda," mkewe alisema. "Jirani yetu fundi cherehani alipona shingo kwa yule tabibu wa osteopathia. Twende."

"Si naye atasukuma tu?"

Alikwenda hivyo hivyo, amemshika mkewe bega, anaburuta mguu.

Tabibu alikuwa mama wa makamo, mpole, asiye na haraka. Mwokaji akaanza kuvua shati.

"Bado, kaka yangu. Tuongee kwanza. Mimi natibu kwa mikono. Nabonyeza misuli, nanyoosha viungo vilivyokaza. Wengi huja na mgongo, shingo, mabega au nyonga. Lakini si kila mgongo ni wa mikono yangu, ndiyo maana nauliza. Mkojo unatoka vizuri?"

Mwokaji akatazama sakafu. Haya, mwanamume akishajikaza, nani atamfungua mdomo?

"Tangu jana unatoka kwa shida," alisema mwishowe. "Na hapa ninapokalia pana ganzi. Sisikii kiti."

"Hukuniambia," mkewe akasema.

"Niliona aibu."

Tabibu akamwambia ainue kidole gumba cha mguu. Hakikuinuka. Akachukua kalamu, akaandika barua ya hospitali.

"Leo sikugusi mgongo."

"Sasa umetusaidia nini?" mkewe akauliza kwa hasira.

"Huenda mishipa ya fahamu imebanwa chini ya uti wa mgongo. Ndiyo inayoongoza mkojo, choo na miguu. Mgongo huu usisukumwe tena. Nendeni hospitali sasa hivi, msingoje kesho. Mkichelewa, anaweza asitembee tena."

Mkewe akamgeukia tabibu. "Mimi ndiye niliyemsukuma, mama."

"Hukujua. Inukeni, muende."

Hospitalini walimpiga picha, wakampasua siku hiyo hiyo. Daktari alisema wamewahi.

Miezi mitatu baadaye, daktari aliporuhusu, walirudi kwa tabibu. Safari hii alimgusa, taratibu, kiungo kwa kiungo. Akamfundisha mazoezi ya nyumbani. Akamwambia unga ugawanywe katika mizigo midogo, na mtu akiinua akunje magoti, mzigo aushike karibu na mwili.

Mwokaji alirudi kazini kwa miguu yake. Siku hiyo mkewe aliwakusanya wafanyakazi wote. Aliwaeleza kila kitu: miguu, ganzi, hata mkojo. Mumewe alikaa mbele yao, hakumkatiza.

"Mgongo ukiuma tu, kuna watu wa kuutibu," mkewe alisema. "Lakini mkiona dalili hizi, msilaze mtu hapa. Mpelekeni hospitali. Na msione aibu. Aibu nusura ininyang'anye mume."

Watu wakarudi kazini. Mchochea moto wa tanuri, mtu mzima mwenye wajukuu, alibaki amesimama, kofia mkononi.

"Shemeji," alisema kwa sauti ya chini, "hiyo ganzi. Mimi ninayo tangu asubuhi."

Mke wa mwokaji akavua aproni.

"Vaa viatu, shemeji. Tunakwenda sasa."